Mkono Haukupanda

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alifungua mdomo kuwaita watoto waje kuvaa viatu vya shule, sauti haikutoka. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu yenye mkwaruzo. Pacha wake wakacheka wakidhani anawatania, maana mama huyu alikuwa na sauti ambayo majirani waliitumia kama saa ya kuamkia. Akawapungia mkono waje. Wakaja, wakavaa viatu, wakaondoka wakiigiza ule mkwaruzo njia nzima.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa kizingitini anachambua mchele. Akainua macho.

"Umelala dirisha wazi?"

Mama Pacha akatikisa kichwa, na kule kutikisa kukamuuma mpaka akashika ukuta. Shingoni alikuwa amejizungushia mtandio, ndani ya nyumba, joto lote lile. Bibi akaweka ungo chini. Akamsogelea, akamshika kidevu na kumgeuzia mwangani. Kwenye weupe wa jicho la kushoto kulikuwa na doa jekundu, la damu kabisa. Bibi akamwachia kidevu. Akatoka uani alikokuwa mwanawe anapiga mswaki.

"Umempiga?"

"Nimempiga nani?"

"Usinijibu swali kwa swali, mimi ndiye niliyekuzaa. Jicho la mwenzako lina damu."

Baba Pacha akatema povu. "Mama, haki ya Mungu tena, sijawahi kumnyanyulia mkono huyu mwanamke. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize kwa sauti ipi?"

Na mwanawe alikuwa anasema kweli, ndiyo taabu yenyewe. Baba Pacha hakuwa mpigaji. Alikuwa mtu wa utani, mtu wa kubeba pacha mabegani, mmoja kila bega, mpaka Bibi anamkemea kwamba atawaangusha.

Sasa acha niseme mapema, maana sisi watu wazima jambo hili tunalizunguka kana kwamba likitajwa paa litatuangukia. Baba Pacha alimkaba mkewe shingo. Haikuwa kwa ugomvi. Ilikuwa kitandani, Jumapili mchana, Bibi ametoka na watoto, na wao wawili wako katika mambo yao ya mume na mke. Na walikuwa wamekubaliana. Wazo lilitoka kwa Mwembamba, mwenzake wa kazini ambaye simu yake imejaa video za watu wazima kuliko picha za wanawe. "Unambana kidogo tu, utaona," alimwambia. "Siku hizi kila mtu anafanya." Baba Pacha akalipeleka nyumbani. Mkewe alilifikiria wakati anaosha vyombo. Aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kuitwa mshamba na mume wake mwenyewe, na zaidi ya hapo aliogopa kwamba asipokubali yeye atakubali mwingine. Akasema sawa.

Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Baba Pacha alisukuma gogo kwenye msumeno, Mama Pacha akapokea ubao upande wa pili. Ile mashine inapiga kelele ambayo hata ukilia hakuna wa kukusikia, kwa hiyo watu wanaziba masikio kwa pamba na kusema kwa mikono. Mpokeaji akiinua mkono, msukumaji anasimama hapo hapo. Mkono usipopanda, gogo linaendelea kwenda. Msimamizi wao aliwafundisha hivyo siku ya kwanza: hutakiwi kusubiri mtu akwambie endelea, wewe tazama mkono tu. Wamefanya kazi hivyo miaka yote na hakuna aliyepoteza hata kucha. Basi wakajiona wajanja. Wakaihamisha kanuni ya kiwandani kitandani. "Ukiona inazidi, inua mkono," Baba Pacha alisema, na mkewe akacheka, "Haya, bosi."

Mara za mwanzo mkono ulipanda, naye akaachia. Jumapili ile haukupanda. Aliutazama, akauona umetulia juu ya shuka, akaendelea. Alipokuja kuangalia uso, macho ya mkewe yalikuwa wazi na hayamwoni. Akampiga makofi mashavuni, akampepea kwa mto, akaanza kuomba dua zote alizozikumbuka. Mkewe alipovuta pumzi, kitanda kilikuwa kimelowa. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, amejikojolea kama mtoto mchanga.

"Mbona hukuinua mkono?" Baba Pacha alimuuliza.

Mama Pacha hakukumbuka kuwa na mkono. Alikumbuka dari, kisha shuka bichi. Walifua shuka pamoja kabla Bibi hajarudi, na Bibi aliporudi na kuuliza tangu lini wanafua Jumapili, Baba Pacha akasema amemwaga chai.

*

Walikwenda zahanati Jumatatu hiyo hiyo, kwa amri ya Bibi. Benchi la nje lilikuwa limejaa, na nusu ya waliokaa walikuwa watu wa kiwandani au ndugu zao. Chumba cha tabibu kilikuwa na pazia badala ya mlango. Kila anayeingia, benchi zima linajua anaumwa nini.

"Tatizo nini, mama?" tabibu akauliza.

"Sauti imekauka," akajibu Baba Pacha.

"Namuuliza yeye."

"Ndiyo hivyo hana sauti, daktari. Nitamsemea."

Nje mtu akacheka, na mwingine akasema afadhali mke wa hivyo, nyumba inatulia. Mama Pacha akatazama sakafu. Tabibu akamfungua mtandio, akabonyeza shingo taratibu, akaona alama. Akauliza akiwa ameshusha sauti kidogo, "Kuna kitu kilimbana hapa?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea, jamani. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama Pacha akamtazama mumewe, mumewe akatazama pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na muuza mkaa, jirani yao, ambaye akipewa habari asubuhi, adhuhuri mji umeshiba.

"Mtandio," Baba Pacha akasema. "Ulinaswa kwenye mashine kazini. Kidogo tu, nikauvuta ukatoka."

"Alizimia?"

"Hapana."

Tabibu akamgeukia mwanamke. "Ni kweli, mama?"

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Wakapewa vidonge vya maumivu na maji ya chumvi ya kusukutua, na onyo kwamba mashine hazina huruma.

Uongo ule ulifika kiwandani kabla yao. Msimamizi aliwakusanya wanawake wote wa zamu na kupiga marufuku mitandio, kwa sababu, alisema, kuna mtu hapa hajui kujitunza. Wanawake walikuwa wakijifunga mitandio kuzuia vumbi la mbao lisiingie kwenye nywele na masikio. Wakamtazama Mama Pacha kwa macho ya asante sana. Kisha msimamizi akamwondoa kwenye msumeno. "Utafagia vumbi. Huko hakuna cha kukunasa." Kwenye msumeno aliwekwa msichana mgeni, na malipo ya mfagiaji kila mtu aliyajua.

Baba Pacha alikuwa amesimama pale pale. Neno moja lake lingetosha kusafisha jina la mkewe. Akajishughulisha na pamba ya masikioni.

Mchana alimfuata Mwembamba nyuma ya rundo la magogo. "Hivi," akauliza kama anayetania, "mtu akizimia kwenye ile shughuli inakuwaje?"

"Ndiyo raha yenyewe hiyo!" Mwembamba akampiga bega. "Wewe mradi usibane koo la mbele. Bana pembeni, pembeni hakuna neno."

Pembeni ndiko alikobana. Akapumua. Alirudi kazini moyo mwepesi, kwa elimu ya mtu aliyesomea kwenye simu yake.

*

Siku zikapita na sauti ikarudi nusu. Lakini kichwa kikaanza kumuuma Mama Pacha upande mmoja, kuanzia shingoni mpaka nyuma ya jicho, na ukope wa jicho lile ukalegea. Pacha wakasema mama anakonyeza. Bibi akasema ni upepo. Muuza mkaa akasema ni wivu wa watu.

Walikuwa uani wanaanika nguo, yeye na mumewe, wakati Bibi amelala mchana.

"Nataka nirudi kwa daktari," akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Nimwambie."

"Umwambie nini?"

"Ilivyokuwa."

Baba Pacha akashika kamba ya nguo. "Mke wangu, hebu fikiri. Ukisema nilikukaba, kaka yako atauliza maswali? Yule hata mwizi wa kuku alimvunja mkono. Na polisi je? Utawaambia ulikuwa mchezo?"

"Niseme nilikubali."

"Useme wapi? Mbele ya lile pazia? Wewe ni wa kwanza watakayemcheka. Watoto wataambiwa shuleni."

Mama Pacha akakung'uta nguo nyingine. Alikuwa ameshayawaza yote hayo peke yake. Akisema, mumewe anafungwa au anauawa, na yeye anakuwa yule mwanamke wa kukabwa. Asiposema, hiki kilicho shingoni mwake kitaendelea kufanya kinachokifanya. Na kila alikogeuka lilimsubiri lile neno lake mwenyewe, sawa. Nani angemwonea huruma mtu aliyesema sawa?

"Itapoa," Baba Pacha akasema. "Sitakugusa tena pale, naapa. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema, na ilikuwa kweli. "Lakini inauma."

Tangu ile Jumapili Baba Pacha alikuwa analala chini kwenye mkeka. Mama yake alipouliza, alisema mgongo. Usiku usingizi haukumjia, anasikiliza tu kama mkewe anapumua. Mtu akijiogopa mwenyewe hana pa kukimbilia. Lakini woga wake huo haukumpeleka kwa daktari, na hilo mimi simwachii.

*

Alianguka akiwa anafagia. Ufagio ulimtoka mkono wa kulia, akainama kuuokota, vidole vikaupapasa bila kuushika. Akacheka kwa aibu. Kicheko chenyewe kilitoka upande mmoja wa uso. Msichana mgeni wa msumenoni akamwona, akainua mkono, mashine ikasimama, na katika kimya kile kiwanda kizima kikamsikia Mama Pacha akisema maneno ambayo hayakuwa maneno. Walimpakia kwenye gari la mbao, juu ya magunia ya vumbi, Baba Pacha amempakata kichwa.

Kwenye hospitali kubwa alipokewa na daktari mwanamke, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimpima, akatazama picha ya kichwa, akamtoa Baba Pacha nje kwenye korido.

"Mkeo amepata kiharusi. Kwa umri wake nauliza kwa nini. Shingo yake ilipatwa na nini?"

"Mtandio, daktari. Ulinaswa kwenye ma..."

"Baba." Daktari akavua miwani. "Sina muda wa mtandio. Nikikosea sababu, nitakosea dawa. Nani alimbana shingo?"

Baba Pacha akatazama huku na huku. Korido ilikuwa na watu, wote wana shida zao, hakuna aliyemjali. Akasema. Alisema haraka, bila kupumua, akaishia na, "Lakini tulikubaliana, daktari. Wote wawili."

"Mlikubaliana wewe na yeye. Mshipa haukuwepo kwenye makubaliano." Akajigusa shingo, upande wa kulia, kisha wa kushoto. "Hapa pembeni ndipo damu inapopandia kwenda kichwani. Ukibana, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani. Nje hutaona kitu. Damu inaganda kwenye ule mchaniko, siku moja lile donge linachomoka, linapanda, linaziba. Inaweza kuwa kesho yake, inaweza kuwa wiki kadhaa. Wengine hawafiki hata huko, wanafia pale pale kitandani."

"Tulikuwa na alama. Alitakiwa ainue mkono."

"Mkono unainuliwa na ubongo, baba. Na ubongo ndio huo wewe ulikuwa unaunyima damu. Mtu anazimika kabla hajajua anazimika."

"Sikubana sana."

"Hakuna kipimo cha kubana kidogo," daktari akasema. "Mngekuja ile siku ya kwanza na huo ukweli, ningekuwa na la kufanya. Sasa tutaokoa kilichobaki."

Baba Pacha akafuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Utawaambia ndugu zake?"

"Siri ni ya mgonjwa. Akitaka kusema, atasema."

Akashukuru. Na acha niwe mkweli, kuna kitu ndani yake kilitulia, kwa sababu alijua mkewe hawezi kusema. Kisha akajichukia kwa kutulia kule, akakaa chini kwenye sakafu ya korido akalia mpaka muuguzi akamwomba apishe kitanda cha magurudumu.

*

Mama Pacha alirudi nyumbani akiburuta mguu, mkono wa kulia umelala mapajani. Akili ilikuwa yote. Ulimi ndio uliokataa: maneno yalitoka yamebondwabondwa, na watu walimwitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa. Watoto waliogopa kukaa naye. Mtu mmoja tu alimwelewa, kwa kuwa alikuwa akiutazama mdomo wake kutwa nzima, na mtu huyo alikuwa mumewe.

Alimwogesha. Alimlisha. Alimsuka nywele, vibaya, lakini alimsuka. Akaomba zamu za nusu siku ili awe naye. Wageni wakija, yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa mkewe: anasema karibuni, anasema mmependeza, anasema asante kwa kuja. Mtaa ukamvika taji. "Mume wa hivi yuko wapi tena?" muuza mkaa alisema kila alipopita. "Wengine wangeshaoa." Hata kaka wa Mama Pacha, yule mvunja mikono, alimshika Baba Pacha begani na kumwita ndugu yangu wa damu.

Mama Pacha alisikia yote. Kuna jioni alitaka kupiga kelele. Jioni nyingine mumewe alimfuta mate kidevuni taratibu, asimwumize, naye akampenda, na hilo likamtesa zaidi.

Ilikuwa alasiri ya wageni. Kaka alikuwepo, na Bibi, na muuza mkaa aliyeleta maneno mengi kuliko mkaa. Mdogo wake Mama Pacha, anayefanya kazi saluni na ambaye harusi yake ilikuwa imekaribia, alikuja kumsuka dada yake upya. "Shemeji, hizi nywele umezisuka au umezifunga kama mzigo?" Wote wakacheka. Akapiga magoti mbele ya dada yake, akainama kuchukua kitana, na skafu yake ikateleza.

Shingoni, pembeni, palikuwa na alama mbili zilizofifia.

Mama Pacha aliziona. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akazigusa. Mdogo wake akavuta skafu haraka, akacheka kwa aibu na kumnong'oneza sikioni, "Acha bwana, dada. Mambo ya wachumba hayo. Hata wewe unajua."

Mama Pacha akaanza kusema. Yalitoka kwa nguvu, na mate, na uso wote ukijikunja. Wote wakageuka.

"Anasemaje, shemeji?" mdogo mtu akauliza.

Baba Pacha alikuwa ameelewa tangu neno la kwanza. "Anataka maji," akasema.

Maji yakaletwa. Mama Pacha akakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. Bibi akashtuka, "Yesu na Maria!" Kaka akasogeza kiti mbele. Mama Pacha akasema tena, yale yale, polepole safari hii, akimtazama mumewe machoni. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi, kama mtu anayesukuma gogo zito peke yake.

"Hayo si maji," kaka akasema. "Hebu mwambie ukweli mdogo wake. Dada yangu anasema nini?"

Baba Pacha akamtazama mama yake. Akamtazama muuza mkaa. Mlango ulikuwa wazi na nje pacha walikuwa wanacheza, wanabishana nani ameanza. Angeweza kusema dawa. Angeweza kusema amechanganyikiwa, ni kiharusi hicho, muacheni apumzike. Wote wangemwamini, maana yeye ndiye mume mwema wa mtaa.

Akaja akapiga magoti karibu na mdogo mtu, mbele ya mkewe.

"Anasema," akaanza, na sauti yake mwenyewe ikagoma. Akakohoa. "Anasema haukuwa mtandio. Anasema mume wangu alinikaba. Tulikuwa kitandani, na mimi nilikubali."

Kitana kikamtoka mdogo mtu mkononi. Bibi akasema, "Nyamaza wewe, nyamaza," lakini alikuwa anamwambia mwanawe kwa kuchelewa.

Mama Pacha akaendelea, na Baba Pacha akaendelea nyuma yake, neno kwa neno.

"Anasema wewe usikubali. Mwambie huyo wako shingo asiiguse. Hata akikwambia kila mtu anafanya. Hata akikupenda. Anasema... anasema huyu ananipenda."

Kaka alikuwa ameshasimama. Baba Pacha alimsikia akija, akasikia kiti kikianguka, na hakugeuka. Alikuwa anautazama mdomo wa mkewe, kuona kama amebakiza neno.